Vikombe Viwili vya Uji

Siku ya kustaafu kwangu mliniaga kwa toroli jipya. Niliinuka nikashukuru kwa maneno machache, nikaketi, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mkubwa wetu alikuwa bado katikati ya hotuba yake. Baadaye mmoja wenu alinifuata mlangoni akaniambia, "Madam, hujatuachia chochote." Nilidhani anataka ufunguo wa kabati. Kumbe alitaka maneno. Basi nayaandika sasa, nikiwa nyumbani Migosi, na toroli limeegemezwa ukutani likingoja mtu mwenye mgongo wa kulisukuma.

Vyeo nilivyopanda sitavisimulia. Viko kwenye faili, na faili mnajua zilipo, au angalau mnajua kwamba hamjui. Kwa wale mtakaoyasoma haya bila kunijua, mimi nilikuwa mkaguzi wa dawa. Kazi yangu ilikuwa kuingia popote dawa zinapouzwa au kutolewa, yaani madukani, zahanati, shule za bweni na makao ya wazee, na kuangalia kama zinatibu watu au zinawaumiza.

Siku yangu ya kwanza nilipewa mwalimu, Mzee Barasa, mtu wa Kakamega aliyevaa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Alinipeleka Muhoroni, kwenye duka la dawa lililo kando ya barabara ya miwa. Trekta zilipita na matela yaliyojaa, na kila zilipopita chupa zilitetemeka. Mwenye duka alikuwa amezoea. Alizishika kwa kiganja bila kukatiza mazungumzo. Mimi nilikuwa na koti jeupe jipya. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu nikaanza kusoma tarehe za kuisha kwa dawa. Mzee Barasa yeye aliketi kwenye benchi pamoja na wateja, akanyoosha miguu. Nikajisemea, nimepewa mvivu.

Asubuhi iliisha hivyo. Ndipo akaniita. "Umeona nini?"

"Tarehe zote ziko sawa, Mzee."

"Mimi nimeona jua," akasema.

Nikageuka. Jua lilikuwa limeingia mlangoni taratibu, likapanda ukuta, na sasa lilikuwa limetua kwenye rafu ya dawa za watoto. Nilishika chupa moja. Ilikuwa na joto kama kikombe cha chai.

"Tarehe imeandikwa na kiwanda," akasema Mzee Barasa. "Jua halisomi tarehe. Ukifika mahali, kaa kwanza. Watu wakizoea kwamba upo, watarudi kufanya wanachofanya kila siku. Hicho ndicho umekuja kukagua."

Miaka iliyofuata nilijifunza kubeba vitu vitatu: kipimajoto, tochi na kioo cha kukuzia maandishi, maana watengenezaji wa dawa wanaamini wagonjwa wote wana macho ya mwewe. Niliona mengi. Katika kituo kimoja kando ya ziwa nilifungua friji nikakuta insulini imelazwa shavuni mwa mbuta mkubwa. Mwenyewe alinieleza kwa upole kwamba samaki ni wa mke wake na dawa ni zake. Nilimuuliza friji ni ya nani. Tulielewana kabla ya saa sita.

Lakini kesi ninayotaka mkae nayo ilikuja miaka michache tu kabla sijastaafu, na ililetwa na mwalimu wa sekondari kutoka Maseno, jina lake Beryl. Aliingia ofisini na mwavuli unaodondosha maji. Nilimwonyesha kiti.

"Sikuja kukaa, Daktari," akasema. Mimi si daktari, lakini mtu mwenye hasira hasahihishwi jina. "Mama yangu wanamlaza. Wanampatia dawa alale ndio asiwasumbue."

Mama yake, Mama Dorina, ambaye majirani humwita Min Beryl, yaani mama wa Beryl, alikuwa anaishi katika makao ya wazee pembeni mwa mji, upande wa ziwa. Sitayataja jina. Beryl alimpeleka huko kwa sababu yeye hushinda darasani, na mama ana ugonjwa wa sukari na miguu dhaifu. Mwanzoni mama alifurahi. Kisha akaanza kusinzia. Beryl alinionyesha video kwenye simu yake: mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani, kichwa kimelala kifuani mchana kweupe, mwanawe anamwita na yeye anajibu kwa kuguna. Wiki iliyotangulia alianguka akielekea chooni, akapelekwa hospitali. Sukari yake ilikuwa juu sana, na madaktari wakasema anaonekana kama mtu aliyekunywa kitu cha kumlewesha.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa anaamka. Kila siku anaamka zaidi. Jana ameniuliza kwa nini nimekonda. Hapo hospitali anaongea, Daktari. Kule alikuwa gunia." Hapo ndipo alipoketi. "Nataka hiyo nyumba ifungwe."

Nilikwenda siku hiyo hiyo bila kutoa taarifa. Kusema kweli, njiani nilikuwa nimeshamwamini Beryl. Nimeona nyumba zinazolaza wazee ili wahudumu wapumzike. Zipo, na harufu yake huwezi kuisahau.

Nyumba hii haikuwa na harufu hiyo. Ilikuwa safi, ina veranda ndefu na bustani ya sukuma wiki. Iliendeshwa na Sister Jescah, muuguzi aliyeacha kazi ya hospitali akaanza kutunza wazee katika boma lake mwenyewe. Alikuwa na msaidizi mmoja wa jikoni na wazee wengi kuliko mikono. Alinipa ufunguo wa kabati la dawa kabla sijauomba.

Nilitafuta dawa za usingizi. Hazikuwepo. Dawa pekee ndani ya kabati lile inayoweza kumlevya mtu ilikuwa ya kifafa, vile vidonge vya zamani ambavyo bado vinasaidia wengi, na vilikuwa vya mzee mmoja tu, Mama Konsolata. Niliviangalia. Havikuwa vimepungua kuliko inavyotakiwa.

"Huyu Konsolata anavinywa vyote?"

"Vyote. Mimi mwenyewe ndiye humpa, wakati wa uji."

Alinipeleka kumwona. Mama Konsolata alikuwa mwembamba, amenyooka kama ufito, na kovu juu ya nyusi. Alikuwa ameketi verandani kando ya kiti kitupu.

"Kovu ni la kuanguka," Sister Jescah akaniambia pembeni. "Dawa haikuwa inamsaidia. Daktari aliongeza kipimo, wapi. Lakini tangu Min Beryl aende hospitali, huyu hajaanguka hata mara moja. Mungu ni mwema."

"Amina," nikasema, nikaandika, nikaaga.

Nilifika langoni mkono ukakataa kusukuma lango. Mgonjwa mmoja ameondoka, na ameamka. Yule aliyebaki ameacha kuanguka. Wawili wamepona kwa wakati mmoja kwa sababu wametenganishwa. Kuna kitu kilikuwa kinapita kati yao.

Kesho yake nilirudi asubuhi, kabla ya uji. Niliomba benchi niketi karibu na ukuta wa ukumbi wa kulia. Sister Jescah aliniangalia kama mtu anayemwangalia askari kanisani, lakini akanipa. Wazee nao walinitazama kidogo, kisha wakaendelea na yao. Uji wa wimbi ukaletwa. Sister alimwekea Konsolata kikombe chake mkononi, akaingia vyumbani kuwalisha wale wasioweza kuinuka. Msaidizi akarudi jikoni. Hapo ukumbini hapakubaki mtu mwenye macho mazuri isipokuwa mimi.

Mama Konsolata alionja uji wake. Kisha akavuta kikombe kitupu kilichokuwa mezani, akakiweka mbele ya kiti kitupu, akamimina humo nusu ya uji wake, kwa uangalifu, bila kudondosha. Akakisukuma mbele.

"Chiem, nyamera," akasema. Kula, dada yangu. Alingoja. Kisha akakumbuka, akatazama kile kiti, mkono ukabaki hewani.

Nilihamia karibu naye. "Oyawore, Dana," nikamwamkia, yaani habari za asubuhi, bibi. "Huyu unayemwekea uji ni nani?"

"Min Beryl. Ako hospitali. Mkono wangu umesahau."

"Kwani yeye hapewi wake?"

"Anapewa. Lakini uji yake haina sukari. Wanasema ako na ugonjwa." Akasonya. "Mtu mzima anakunywa uji kama ya ndama? Yangu wanaweka sukari mingi. Namgawia. Yeye ananipatia kidogo ya kwake, tunamaliza."

Nilimwomba nionje kile kikombe. Nilichovya ncha ya kijiko.

"Unasikia?" akaniuliza. "Ni tamu mbele, chungu nyuma. Min Beryl alisema hiyo uchungu ni wimbi."

Haikuwa wimbi. Nilikwenda jikoni nikakuta kinu kidogo cha mbao, kimeoshwa, lakini unga mweupe ulikuwa umebaki kwenye nyufa. Sister Jescah alikuja akanikuta nimekishika. Aliketi juu ya gunia la makaa.

"Alipokuja alikuwa anatema vidonge," akasema. "Nilimbembeleza, akatema. Akaanguka karibu na moto. Nikaona heri nisage niweke kwa uji, na sukari ya kuficha. Nilikuwa namwokoa."

"Ulikuwa unamwokoa nusu," nikamwambia. "Nusu nyingine ilikuwa kwa Dorina."

Aliniangalia. Nikaona jinsi jambo lile lilivyomwingia: dawa ya kifafa na sukari, zote mbili, asubuhi na jioni, kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari asiye na kifafa. Na kila daktari alipomwongezea Konsolata kipimo kwa sababu anaanguka, Dorina naye aliongezewa. Sister Jescah alifunika uso kwa leso.

Kesi ikifika hapo, vijana wangu, mkaguzi hujiona amemaliza. Bado. Sababu ilikuwa imejulikana, lakini watu walikuwa bado wamekaa na maumivu yao. Jambo la kwanza lilikuwa Konsolata, maana sasa alikuwa anakunywa peke yake dawa iliyoongezwa kwa makosa. Daktari alipigiwa simu, akaja kumwona mchana huo huo, akarudisha kipimo cha awali. La pili lilikuwa kumwambia mwenyewe.

"Tusimwambie," Sister Jescah akanisihi. "Huyo na Min Beryl ni kama mapacha. Atakufa na hiyo maneno."

"Tusipomwambia, rafiki yake akirudi atamgawia tena. Na akiendelea kufichwa, ataendelea kutema chochote atakachokiona."

Tulikwenda na Konsolata verandani, tukazungumza kwa Dholuo, pole pole. Sister Jescah ndiye aliyesema. Sikumsaidia, na nadhani ilikuwa haki yake. Alisema aliweka dawa ndani ya uji, alisema kwa nini, alisema ilifika wapi. Konsolata alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Kwa hiyo ni mimi nilimlaza," akasema mwishowe.

"Hapana, Mama. Wewe uligawa uji. Dawa niliweka mimi, na nilikuficha."

Konsolata aliliachilia pindo la kanga. Kuku walipita bustanini.

"Unajua kwa nini nilikuwa natema?" akasema. "Nikiwa kwa mume wangu walinipa vitu mingi ya kunywa. Mizizi. Majivu. Waliniambia ni ya kufukuza hiyo kitu inaniangusha. Nikakunywa nikaumwa tumbo, nikaanguka bado. Nilipofika hapa mkanipa kitu nyeupe. Hakuna mtu alisema ni ya nini. Hii ni ya nini?"

Muuguzi wa miaka yote ile alitazamana nami. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Sister Jescah akamweleza: kifafa ni ugonjwa wa kichwa kama vile malaria ni ugonjwa wa damu, si pepo, si laana, na kidonge hiki hakimfukuzi mtu wala jini, kinatuliza tu ule mshtuko.

Konsolata aliunyoosha mkono wake, kiganja juu. "Basi nipe hapa nione. Nitameza."

Jioni ilipofika alipewa, pamoja na glasi ya maji. Alikigeuza kidonge, akakinusa, akameza, akatufungulia kinywa kama mtoto wa shule. Sikuwa nimetazamia kwamba mambo yangekuwa mepesi hivyo, na ninawaambia mara nyingi hayawi.

Kwa Beryl hayakuwa mepesi. Nilimkuta hospitalini, nje ya wodi, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hakuna mtu alimlaza," akasema.

"Alilazwa. Ila hakuna aliyekusudia."

"Hiyo inanisaidia nini? Mama angekufa."

"Ungekuwa umemzika, ndiyo. Na ulikuwa umeona sawa kuliko sisi wote. Ulikosea sababu tu."

Alitaka kunijibu. Ndani ya wodi mama yake akaita, kwa sauti ya mtu mwenye nguvu zake, "Beryl, ni nani huyo? Muulize kama Konso amekula."

Beryl alisimama pale, mkono kwenye mlango. Hakulia. Aliingia akamwambia mama yake kwamba Konso amekula, kisha akatoka akaniuliza yeye ataruhusiwa lini kwenda tena kuiona hiyo nyumba.

Ofisini kwetu walikuwepo waliotaka nyumba ile ifungwe. Ilikuwa njia nyepesi: ukifunga, hakuna anayekuuliza tena. Nilisimama nikasema kwamba kosa limefanyika, limemuumiza mtu, na litaandikwa lilivyo. Lakini nilitaka pia waniambie wazee wale watalala wapi siku ya pili baada ya kufuli. Tukakubaliana nyumba isipokee mtu mpya mpaka ipate muuguzi wa pili, na mpaka wakati wa chakula kuwe na mtu anayetazama. Dawa isifichwe kamwe ndani ya chakula. Mzee akishindwa kumeza, mwenyewe aelezwe, au jamaa yake asikilizwe, na mwenye elimu ya dawa aulizwe kwanza, maana kuna vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke taratibu siku nzima. Ukivisaga, unampa mtu siku yote kwa mkupuo mmoja. Sister Jescah alitia sahihi bila kubishana. Muuguzi wa pili alipatikana baada ya muda mrefu wa kunung'unika, ambao ni muda wa kawaida.

Mama alipotoka hospitalini, Beryl alimchukua akaenda naye Maseno. Alitaka kumtunza mwenyewe, na alijaribu. Lakini alipokuwa shuleni mama alibaki na redio na geti lililofungwa, akawa anaongea na watangazaji. Siku moja alifunga nguo zake katika leso akasema anarudi kwake, kwa Konso. Beryl alinipigia simu.

"Wewe ungemrudisha?" akaniuliza.

"Nenda ukae pale asubuhi moja," nikamwambia. "Ukiridhika, utajua. Usiporidhika, niite."

Alikwenda akaketi karibu na ukuta, kwenye benchi ile ile, na mama yake alipotoka kwenye gari siku ya kurudi nilikuwepo, kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya kukagua upya. Mama Konsolata alishuka ngazi za veranda akishikilia ukuta. Wale wazee wawili hawakukumbatiana. Walishikana mikono, wakatikisa kwa muda mrefu, wakachunguzana nyuso.

"Umenenepa," Konsolata akamwambia.

"Na wewe huna kovu mpya," Dorina akajibu.

Kisha wakaenda kuketi, na Dorina akaanza kumlalamikia juu ya uji wa Maseno, ambao pia haukuwa na sukari.

Siku hizi Beryl huenda huko kila Jumamosi. Huwasomea wazee maandishi ya pakiti za dawa zao kwa sauti, kwa Dholuo, na kila mmoja anajua anameza nini na kwa nini. Sister Jescah ananiambia wamekuwa wasumbufu, wanauliza maswali. Anasema hivyo akicheka.

Mkinishika mashati mkitaka somo, nitawapa hili moja. Mtu akikosea jina la mwizi, haina maana kwamba hakuibiwa. Malalamiko yanakuja na hasira na majina yasiyo sahihi. Msiyatupe, na msiyameze mazima. Nendeni mkakae.

Juma la kwanza la kustaafu kwangu nilikwenda sokoni kununua samaki bila haraka, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ujana. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwembamba aliyenyooka, ameinama juu ya ngege, anamfunua mashavu kwa kidole kuona kama damu yake bado ni nyekundu. Alikuwa Mama Konsolata. Sister Jescah alisimama nyuma yake na kikapu, bila kumgusa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka mingi mama huyu alikataa kabisa kwenda sokoni, akiogopa kuanguka mbele za watu. Sasa haanguki, na kila juma anadai yeye ndiye atakayechagua samaki, kwa sababu wengine wote hawajui.

Nilimsogelea nimsalimie. Aliinua macho, akanitambua, akatabasamu kidogo.

"Daktari," akasema, "songa upande. Unaniziba mwanga."

Nikasonga.